Nusu Nyingine ya Tufe

NAZKEN: Haloo? Mjomba? Mjomba, unanipata?

BALTABEK: Nani huyo? Paza sauti, niko juu ya paa!

NAZKEN: Ni mimi, Nazken! Mtoto wa dada yako!

BALTABEK: Dada ninao wengi, wote wana watoto, na wote hao watoto hupiga simu wakitaka kitu. Wewe ni yupi?

NAZKEN: Wa makumbusho, Mjomba!

BALTABEK: Aaa, yule mlinzi wa vyuma! Haya, mifugo na watu wako salama?

NAZKEN: Salama, ila mimi nakaa ghorofani, Mjomba. Nina paka tu.

BALTABEK: Paka naye ni mfugo. Anakula?

NAZKEN: Anakula kunishinda. Nyinyi je? Mkaza-mjomba Kulpash hajambo? Kondoo?

BALTABEK: Kondoo wamenona, Kulpash ana hasira. Hali ni nzuri. Subiri, upepo huu... [mkwaruzo] ...nikae kitako. Paa lenyewe linapiga kelele ukikanyaga.

NAZKEN: Nasikia. Kwani bado hujaliondoa lile bati la roketi iliyoanguka huko kwenu?

BALTABEK: Niliondoe nifunike zizi kwa nini, kwa kofia? Bati gani lingine linakaa juani na thelujini miaka yote hii bila kuota kutu? Na mtandao nao unapatikana hapa hapa tu, penye hii misumari midogo midogo. Labda roketi bado inaongea na wenzake huko juu.

NAZKEN: Mjomba, hiyo si misumari, ni ribiti. Na hilo ni gamba la kipande cha pili cha roketi, lile linalofunika—

BALTABEK: Umeanza. Mimi nimelipanda kumtafuta mbuzi, nimekuta mwalimu. Sema shida yako.

NAZKEN: Nani kasema nina shida? Mtu hawezi kumsalimu mjomba wake?

BALTABEK: Anaweza. Wewe huwezi. Sema.

NAZKEN: [anacheka] Haya. Kesho tunafungua chumba kipya cha makumbusho.

BALTABEK: Hongera. Kina nini?

NAZKEN: Kina vitu, Mjomba, utalia! Tuna chombo kile cha kurudia duniani, kimeungua ubavuni mpaka kimekuwa kama kiazi kilichosahauliwa kwenye majivu. Tuna kiti cha mwanaanga, kimefinyangwa kufuata mgongo wake yeye peke yake, mwingine akikikalia anaumia. Tuna bunduki yenye midomo mitatu—

BALTABEK: Bunduki ya nini mbinguni?

NAZKEN: Si ya mbinguni. Ni ya huku kwetu. Wakitua nyikani usiku, mbali na watafutaji, wajikinge na mbwa-mwitu.

BALTABEK: Wangebisha hodi tu kwetu. Tungewapa chai.

NAZKEN: Ndiyo. Na katikati ya chumba, kwenye meza nyeusi, chini ya taa, tuna nusu ya tufe.

BALTABEK: Shhh! Shhh!

NAZKEN: Mjomba?

BALTABEK: Niko. Mbuzi amepita. Njoo huku, we! Mbuzi gani huyu!

NAZKEN: Ile nusu aliyoichukua jirani yenu, marehemu mzee Ospan. Aliyokuwa akinyweshea ndama. Watoto wake walitupatia.

BALTABEK: Naijua. Ina tundu la bomba kitakoni, Ospan aliliziba kwa nta. Ndama walikuwa wanalamba nta.

NAZKEN: Sasa nusu moja peke yake mtu haelewi. Wageni wanasema, "Oo, bakuli." Nawaeleza kila siku: hili si bakuli! Hili lilikuwa tufe zima la metali ya titani, limejaa hewa iliyobanwa mpaka mwisho. Roketi inavyokunywa mafuta yake, tangi linabaki tupu, linataka kujikunja kama chupa ya plastiki ukiifyonza. Basi tufe ndilo linapuliza ndani, tangi lisimame imara, mafuta yaendelee kusukumwa. Bila tufe hakuna anayefika popote. Wananitazama, wananiuliza, "Na choo walienda wapi?"

BALTABEK: Hata mimi nilitaka kuuliza hilo.

NAZKEN: Mjomba!

BALTABEK: Endelea, endelea.

NAZKEN: Nataka nusu yako.

BALTABEK: [anakohoa] Mtandao mbaya.

NAZKEN: Mtandao mzuri kabisa.

BALTABEK: Unakwaruza. Chukua bomba la moshi la bafu la mvuke, lile refu. Nalo lilianguka.

NAZKEN: Mabomba ya namna hiyo tunayo, yamejaa bohari.

BALTABEK: Chukua banda la mbwa. Lina maandishi mekundu, mazuri sana. Mbwa nitamweleza.

NAZKEN: Sitaki banda la mbwa. Nataka bakuli.

BALTABEK: Umesema mwenyewe si bakuli.

NAZKEN: Nataka lile lisilo bakuli, linaloning'inia jikoni kwenu nyuma ya mlango. Mjomba, sikiliza vizuri. Kesho anakuja mama mmoja kwa treni, mama mtu mzima sana, anaitwa Zinaida. Alikuwa fundi wa kuchomelea matufe haya. Kwa mkono wake! Nilimtafuta mwaka mzima. Kila fundi alikuwa na alama yake, anaigonga pembeni ya mshono, ili likiharibika ajulikane nani wa kukamatwa.

BALTABEK: Basi akamatwe. Si lilipasuka?

NAZKEN: Ndipo hapo! Halikupasuka kwenye mshono! Lilipiga chini kutoka huko lilikotoka, likachanika kando ya mshono, upana wa kidole hivi. Mshono wenyewe ulishika. Na mshono wote mzima uko upande wenu, kwenye mdomo wa bakuli. Alama iko kwenu, Mjomba. Kwangu kuna namba tu.

BALTABEK: Ile kama jicho? Kiduara chenye herufi ndani?

NAZKEN: Hiyo hiyo.

BALTABEK: Kulpash huwa anaweka kidole gumba pale akilibeba. Husema ndipo pa kushikia.

NAZKEN: Huyo mama ameniambia kwenye simu, "Binti, nimegonga alama ile maisha yangu yote, sijawahi kuona hata moja iliyorudi." Anakuja kuigusa. Siku mbili kwenye treni na magoti yake yale. Nimeshamwahidi.

BALTABEK: Umeahidi kitu cha kwangu.

NAZKEN: Nimeahidi kwa sababu najua nina haki. Mjomba Baltabek, mimi mpwa wako, naomba haki yangu.

BALTABEK: Ee! Kwa simu? Haki ya mpwa inaombwa kwa simu siku hizi? Mtu anakuja mlangoni, anakula nyama, anashiba, anajikuna, ndipo anaomba!

NAZKEN: Barabara imejaa tope, na wewe uko juu ya paa. Tutafanyaje?

BALTABEK: Mpwa ana mara tatu za kuomba kwa wajomba zake, na mjomba hana la kukataa. Sawa. Lakini wewe ulishaomba! Ulichukua yule mbwa wangu wa kuwinda, bado mdogo, masikio laini—

NAZKEN: Nilikuwa mtoto!

BALTABEK: —ukamlisha peremende akanenepa, akawa hawezi kumkimbiza hata sungura aliyelala. Halafu ukaja na mchumba, ukachukua pikipiki yangu yenye kiti cha ubavuni. Nilitembea kwa miguu mpaka majani yakaota tena. Na mchumba mwenyewe akaondoka nayo!

NAZKEN: Hiyo ilikuwa bahati mbaya. Imebaki moja. Ndiyo hii.

BALTABEK: [mkwaruzo] ...Kulpash! Kulpaaash! Nazken anataka bakuli!... Hapana, bakuli!... Mkaza-mjomba wako amesema neno ambalo mjomba hamwambii mpwa.

NAZKEN: Mwambie nampenda.

BALTABEK: Ndilo lililomkasirisha. Sikiliza, mama. Kwa nini usichukue picha tu? Watu wa siku hizi wanapenda picha.

NAZKEN: Mjomba, picha haina ubaridi. Mama yule ana macho hafifu, anataka kuipapasa. Hebu fikiri: nusu mbili zimekaa mbali miaka yote, moja kwa ndama, nyingine jikoni kwenu. Kesho tunazikutanisha mbele ya fundi wake mwenyewe. Hakuna makumbusho yenye kitu kama hicho. Mkuu wetu kashanunua utepe.

BALTABEK: Baba yangu alilileta hilo kwa ngamia. Alikwenda kutafuta ngamia aliyepotea, akampata amesimama kando yake, analinusa. Helikopta zilipokuja kuuliza, "Mzee, umeona chochote kimeanguka?" akawapa chai ya maziwa, akawapa maandazi, akasema ameona mvua. Nalo liko chini ya majani ya ndama, hatua chache tu kutoka mahali walipokaa.

NAZKEN: Hadithi hiyo nimeiandika kwenye kibao. Bila ile sehemu ya mvua.

BALTABEK: Itie. Ndiyo nzuri.

NAZKEN: Mjomba, jibu.

BALTABEK: [anashusha pumzi] Mpwa ameomba. Nitasema nini? Mjomba anayekataa, hata mbwa wake watamcheka. Chukua. Bakuli ni lako.

NAZKEN: Eeeh! Mjomba wangu wa dhahabu! Rudia nisikie!

BALTABEK: Ni lako. Nimesema juu ya paa, kondoo wote wamesikia.

NAZKEN: Natuma gari alfajiri! Nitalifunga kwa blanketi, nitavaa glavu—

BALTABEK: Glavu. Sisi tumeliosha kwa majivu, yeye anavaa glavu. Lakini ngoja, usikate. Kuna jambo.

NAZKEN: Jambo gani?

BALTABEK: Habari njema, Nazken! Habari njema! Nipe zawadi anayopewa mleta habari!

NAZKEN: Weee! Chukua unachotaka! Sema haraka, ni nini?

BALTABEK: Akmaral amejifungua.

NAZKEN: Nani? Akmaral mkweo? Akmaral?!

BALTABEK: Huyo huyo. Mke wa mwanangu mdogo. Msichana. Ana sauti kama king'ora cha gari la moshi.

NAZKEN: Jamani! Mjomba! Jamani, nalia mimi! Lini?

BALTABEK: Kesho tunamtoa arobaini.

NAZKEN: Kesho arobaini? Ina maana— Mtoto yupo duniani siku zote hizo, na mimi sijaambiwa? Mimi, mpwa wako?

BALTABEK: Hatukumwambia mtu. Midomo ya watu mirefu. Hata ng'ombe hatukuwaambia. Sasa zawadi yangu.

NAZKEN: Nimeshasema, chukua unachotaka! Chukua ile runinga yangu mpya. Chukua zulia. Chukua paka!

BALTABEK: Bakuli.

NAZKEN: Bakuli lipi?

BALTABEK: Lile la kwako. La titani. Lililokuwa kwenye roketi.

NAZKEN: Mjomba, huo ni wizi!

BALTABEK: Ni desturi. Wewe umeomba ya kwako nimetoa, mimi nimeomba ya kwangu utatoa. "Chukua unachotaka," umesema mara mbili, tena kwa kelele. Kulpash amesikia mpaka chini.

NAZKEN: Mtu yeyote husema hivyo! Mtu akikupigia kelele za habari njema, mdomo unajibu wenyewe! Hukunipa hata nafasi ya kufikiri!

BALTABEK: Ningekupa ungefikiri.

NAZKEN: Ulikuwa umepanga tangu mwanzo. Ukanipa bakuli ili unitegee.

BALTABEK: Nilikupa kwa moyo safi. Nikakumbuka baadaye kidogo.

NAZKEN: [anacheka, kisha anaacha] Mjomba, acha utani sasa. Mama Zinaida yuko njiani. Hapa ninapoongea yuko ndani ya behewa. Nimwambie nini? Nyinyi mnataka kumwoshea mtoto humo, sivyo? Maji ya arobaini ni maji popote. Nitawaletea beseni. Zuri, jipya, la rangi yoyote.

BALTABEK: Plastiki.

NAZKEN: La shaba basi! Nitaazima. Mtamwaga vijiko vyenu arobaini vya maji, mtatia pete za fedha, wanawake watagawana, mtoto atakuwa safi. Maji hayajui yamo ndani ya nini.

BALTABEK: Kwenye lile hayapoi upesi.

NAZKEN: Najua, ni tabia ya titani, lakini—

BALTABEK: Watoto wote wa hapa wameoshewa mle. Wangu. Wa Ospan. Wa ng'ambo ya kijito. Wewe mwenyewe, mama yako alikuja kujifungulia huku. Uliwapiga teke wote wakalowa.

NAZKEN: Ndiyo maana ni kitu cha historia, Mjomba. Ndiyo maana nalitaka.

BALTABEK: [upepo] Nazken.

NAZKEN: Naam.

BALTABEK: Mwaka juzi Kulpash alilishusha ukutani. Akalisugua kwa majivu, akaliweka juani, likawa linang'aa mpaka kuku wanalikimbia.

NAZKEN: Mwaka juzi? Kulikuwa na nini mwaka—

BALTABEK: Kisha akalitundika tena, halikuoshewa mtoto. Mwaka jana akalishusha tena. Sikumwambia aache. Akalisugua. [mkwaruzo] ...akalitundika.

NAZKEN: Akmaral?

BALTABEK: Usilitaje jambo hilo kwa sauti. Yuko hapo chini mlangoni, ananyonyesha.

NAZKEN: Mbona hamkuniambia, Mjomba?

BALTABEK: Ulikuwa na maonyesho. Safari hii hakutaka lishushwe mapema. Alisema lisiguswe mpaka siku yenyewe ikaribie. Leo asubuhi amelishusha yeye, Akmaral, kwa mikono yake. Analisugua toka asubuhi, akipumzika ni kunyonyesha tu. Anaimba. Sijui anaimba nini, sauti hana. Nikapanda huku juu nijifanye natafuta mbuzi.

NAZKEN: Likae hapo.

BALTABEK: Nini? Unakwaruza.

NAZKEN: Nasema likae! Bakuli likae! Umelichukua kwa haki, ni lako. Mimi sina neno.

BALTABEK: Hukasiriki?

NAZKEN: Nimekasirika sana. Nimekasirika kwamba sijamwona mtoto.

BALTABEK: Haya. Haya, mwanangu. [anapenga kamasi] Vumbi hili.

NAZKEN: Huko juu ya paa kuna vumbi?

BALTABEK: Linatoka angani. Wewe mtaalamu, ulijue hilo. Sasa yule mama utamwambia nini?

NAZKEN: Sijui. Nitampokea stesheni, nitamnywesha chai, nitamwonyesha nusu yenye namba. Atasema asante. Ni mpole. Alivyo mpole ndiyo itaniuma. Unajua kiwanda chao kilikuwa cha siri? Hakuruhusiwa kumwambia hata mumewe anatengeneza nini. Watoto wake walikuwa wanauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Akawa anawaambia anatengeneza sufuria.

BALTABEK: Sufuria?

NAZKEN: Sufuria. Mpaka leo mwanawe mkubwa haamini jingine. Anasema mama kazeeka, anachanganya mambo, alikuwa kiwanda cha sufuria. Ndiyo maana alitaka kuja, apige picha na alama yake, akamwonyeshe.

BALTABEK: [anacheka kwa muda mrefu] Kulpash! Kulpash, sikia hii!... Nitakwambia nikishuka!... Nazken, huyo mama hakusema uongo hata kidogo!

NAZKEN: Usimcheke, Mjomba.

BALTABEK: Simcheki! Mimi nimekulia na sufuria yake! Mlete huku.

NAZKEN: Huku wapi?

BALTABEK: Huku kwetu! Fungua chumba chako asubuhi, kateni huo utepe, kisha mlete. Wanawake watasubiri na maji yao. Mwambie tunamwosha mtoto ndani ya kazi yake. Alama aipapase apendavyo, ikiwa na maji ndani au bila maji.

NAZKEN: Mjomba, ni mtu mzima sana. Na barabara ni tope tupu.

BALTABEK: Nitawapokea kwenye lami kwa trekta. Nitatandika manyoya ya kondoo. Amekaa kwenye treni siku mbili, atashindwa trekta? Na kijiko cha kwanza tutampa yeye. Kulpash atakubali... Kulpash! Unakubali?... Amekubali. Ametukana lakini amekubali.

NAZKEN: Mkuu wangu ataniua. Nilimwambia tufe litakuwa zima, juu ya meza.

BALTABEK: Basi libebe hilo lako ulilete, liwe zima huku.

NAZKEN: Nilibebe? Kitu cha makumbusho? Kina kioo, kina kengele, kina...

BALTABEK: Kina nini?

NAZKEN: Kina ufunguo. Ninao mimi.

BALTABEK: Vizuri. Lije. Wageni watakuwa wengi, na sinia la nyama hatuna la kutosha.

NAZKEN: Mjombaaa! Hakuna nyama itakayowekwa mle! Niapie!

BALTABEK: Supu tu.

NAZKEN: Hakuna supu! Haki ya Mungu nitalifunga kwenye blanketi nilikalie!

BALTABEK: [mkwaruzo] ...simu yangu inalia, chaji inaisha. Nazken! Huyo mama anaelewa lugha yetu?

NAZKEN: Haelewi. Nitamtafsiria.

BALTABEK: Basi mwambie kesho hiyo hiyo, akifika tu, kabla hajakunywa chai. Unanisikia? Mafundi hulijali hilo kuliko... [mkwaruzo] ...hata baba yangu aliligongea nyundo kulinyoosha... baridi zote zile—

NAZKEN: Nimwambie nini? Mjomba, nimwambie nini?

BALTABEK: Mwambie mshono wake! Tangu siku lilipoanguka, maji ya watoto wote hao—

NAZKEN: Ndiyo, maji yamefanyaje?

BALTABEK: Halijavuja, mwambie! Halijavuja hata to—

NAZKEN: Haloo? Mjomba? ... Haloo?